Nilijifunza Ndege kwa Kutazama Chini

Nimefundisha Kiswahili katika shule ya upili kwa miaka 17, na kwa miaka yote hiyo neno chozi kwangu lilikuwa lile la jichoni tu. Kisha siku moja ya Mei nikafungua kamusi kutafuta jina la kindege mweusi mwenye kifua chekundu ambaye huning'inia kwenye maua ya ua wetu hapa Kisumu. Nikakuta naye anaitwa chozi. Nilikuwa nimempita kila asubuhi nikienda kazini, na neno lake nilikuwa nalo kinywani, lakini sikuwahi kuwakutanisha hao wawili.

Juma hilohilo mwenzangu aliyekuwa akihamia Mombasa aliniuzia darubini yake kuukuu, kioo kimoja kina mkwaruzo. Nikajiwekea ahadi kwamba kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kila Jumamosi nitakayoipata, nitatoka kutazama ndege. Sikuwaza wadudu hata kidogo. Wadudu kwangu walikuwa kitu cha kufagia.

Wazoefu huniambia kwamba nilichagua miezi migumu. Mbayuwayu wa Ulaya na vitwitwi wanaojaa kwenye fuo zetu huanza kufika Septemba na huwa wameondoka kufikia Aprili au Mei, kwa hiyo Juni hadi Agosti wako kwao kaskazini wakilea makinda. Nakuru nako ni baridi, na upande wa Kakamega mvua hainyamazi. Lakini mimi nashukuru. Walionibakia ni wenyeji, wale wanaokaa nasi mwaka mzima, na mtu husalimia jirani kwanza kabla ya kumkimbilia mgeni.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Dunga, kwenye kinamasi cha mafunjo kilicho kusini ya mji. Nilichukua bodaboda saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikapanda mtumbwi wa mzee mmoja mvuvi, nami nikamwita Jaduong', yaani mzee wa heshima kwa Kijaluo, kama inavyostahili. Nilikuwa namtafuta ndege mmoja tu, gonoleki wa mafunjo. Ana mgongo mweusi, mstari mweupe kwenye bawa, tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva, na utosi wa manjano. Haishi popote pengine ila ndani ya mafunjo ya eneo hili la maziwa. Ukiona mwekundu mwenye kichwa cheusi tii akirukaruka kwenye vichaka vya nje, huyo ni binamu yake, si yeye.

Nilikuwa nimeweka mlio wake kwenye simu. Tulipofika kwenye ukuta wa mafunjo nikaucheza, nikaucheza tena. Kitu kikajibu ndani, mafunjo yakatikisika, lakini hakikutoka. Nikaongeza sauti. Jaduong' akalaza kasia mapajani mwake akanitazama.

"Mwalimu, huyo ndege ameacha kula aje kupigana na simu yako."

Sikumjibu. Akanieleza taratibu kwamba gonoleki akisikia mlio huo hudhani mgeni amevamia mji wake. Huacha kiota, huacha chakula, akazunguka akitafuta adui asiyekuwepo, na watu wa simu ni wengi siku hizi. "Zima, tukae." Niliizima, na tangu siku hiyo sijawahi kumchezea ndege mlio wake tena. Yaliniuma maneno yale kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu nilikuwa nimejiita mpenda ndege.

Tukakaa. Kwa nusu saa sikuona ndege wa maana, nikaanza kutazama kilichokuwa karibu nami kwa kukosa kingine. Kereng'ende! Walikuwa kila mahali, wengine wekundu, wengine wa buluu, wamekaa kwenye ncha za mafunjo mabawa yamenyooshwa, wanaondoka, wanarudi palepale. Jaduong' akasema yeye huwatazama hao kwanza. Watoto wao hukulia majini wakila viluwiluwi vya mbu, wakikomaa hutoka na kuendelea kula mbu angani. Pakiwa na kereng'ende wengi, pana chakula, na ndege atafika tu. Hakuwa amemaliza kusema mdiria mdogo, yule wa buluu mwenye mdomo mwekundu, alipotua mbele yetu na kereng'ende mdomoni, akampigapiga kwenye bua mpaka akalegea.

Na gonoleki akaja mwenyewe. Alipanda bua kwa bua akidonoa kitu kwenye makutano ya majani, kisha akaita, na jike lake akajibu upesi mno hivi kwamba kama hujawaona wote wawili ungeapa ni ndege mmoja. Sikuinua darubini. Walikuwa hatua sita kutoka tulipo.

Jaduong' alinitajia na majina ya Kijaluo tukirudi: otenga ndiye mwewe, agak ni kunguru, tula ni bundi. Hilo la mwisho alilitamka kwa sauti ya chini. Najua watu wetu wanavyomwogopa bundi, na najua wanavyomtupia mawe akitua juu ya paa. Nami nilikulia katika hofu hiyo. Lakini mnyama anayekula panya usiku kucha katika boma la mkulima hastahili jiwe, na hili nalisema darasani kila nipatapo nafasi.

Nilimuuliza pia kuhusu mafunjo yenyewe, kwa sababu njiani tuliona mafungu yaliyokatwa na mahali palipochomwa. Hakuyakwepa maswali. Mikeka hutoka hapo, viti hutoka hapo, karo za watoto hutoka hapo. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 na maji kuingia majumbani ufuoni, wengi walibaki hawana kingine. Wanaokata kwa zamu na kuacha sehemu ikue tena hawaharibu sana, akasema. Moto ndio unaomaliza. Gonoleki na yule chiriku wa mafunjo, mafunjo yakiisha hawana pa kuhamia.

Mwisho wa Juni wanafunzi wetu walipokwenda mapumziko ya katikati ya muhula, nilikwenda Nakuru kwa ndugu yangu. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa ambaye huniita Senje, kama inavyoitwa shangazi kwetu Uluhyani. Tulimchukua mbuga ya Ziwa Nakuru asubuhi yenye baridi ya kukata masikio. Mbugani hutembei kwa miguu utakavyo. Unashuka gari mahali palipotengwa tu, na sisi tulishuka juu ya jabali la Baboon Cliff ambako ziwa lote linaonekana.

Sikuwa nimeliona kwa miaka mingi na lilinishtua. Nilipokuwa msichana, ufuo ulikuwa mstari wa waridi wa heroe, wale flamingo. Miaka mingine walihesabiwa zaidi ya milioni moja. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yamepanda na kupanda. Lango kuu la zamani lilizamishwa pamoja na barabara, na migunga mirefu ya manjano imekufa imesimama majini, mikavu, minandi wamejipanga juu yake kama nguo kwenye kamba. Maji mengi yamepunguza magadi, na ule mwani mdogo ambao heroe huula unahitaji magadi. Wengi wameelekea Bogoria na kwingineko. Siku ile niliona makundi madogo upande wa mbali. Nilitaka mtoto ayaone kabla hayajaruka.

"Njoo upesi! Tazama huku!"

Hakuja. Alikuwa amechutama nyuma ya gari juu ya kinyesi cha nyati. "Senje, huyu anasukuma kwa miguu ya nyuma." Mbawakavu mweusi alikuwa ametengeneza tufe la kinyesi kubwa kumliko, kichwa chini, miguu ya nyuma juu, anarudi kinyumenyume kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Nilimwambia mtoto hatukulipa kiingilio kuja kutazama mavi. Hilo nalo nalijutia. Alinyanyuka, akatazama heroe kwa adabu, akarudi kwa mbawakavu wake.

Baadaye, tukila mikate, mwari wawili wakapita juu yetu, wakubwa kama meza. Nikamsimulia nilichokuwa nimesoma. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki wadogo wanaostahimili magadi waliletwa kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, na mwari wakaja kwa maelfu kuwafuata. Mpaka leo mwari wanaozalia kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita, ambako hakukuwa na samaki wa kuwatosha, huruka kwenda kuvua Nakuru na kurudi na chakula cha makinda.

Mtoto akatafuna akiwaza. "Kwa hiyo mwari waliletwa na mbu."

Nilinyamaza. Nikamkumbuka Jaduong' na kereng'ende wake. Ndani ya wiki tatu watu wawili, mmoja mzee na mwingine hajabadilisha meno yote, walikuwa wameniambia jambo lilelile, nami nilikuwa bado natembea nimeinua kidevu.

"Na heroe waliletwa na mdudu gani?" akauliza.

Heroe mdogo anakula mwani, nikamwambia. Huyo siwezi kumpatia mdudu. Aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake: heroe, hakuna.

Agosti shule zilipofungwa alikuja kwangu, tukapanda matatu hadi kwa mama yangu, ambaye mtoto humwita Kukhu, kama anavyoitwa nyanya kwetu, karibu na Shinyalu, ukingoni mwa Msitu wa Kakamega. Wageni husema huu ni mkia wa mwisho wa misitu mikubwa ya Kongo upande wa mashariki. Kwetu ulikuwa tu msitu, mahali pa kuni, mapera na hofu ya nyoka. Nilizaliwa kilomita chache kutoka kwenye miti ile na sikuwahi kuingia na darubini. Ndege waliorekodiwa humo ni zaidi ya 300, vipepeo zaidi ya 400, na mimi ningeweza kutaja labda kumi wa pande zote mbili.

Tuliingia upande wa Isecheno na kijana mwongozaji, mwenyeji wa hapohapo. Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama miguu yetu. Mtoto alikuwa na gambuti. Mimi nilikuwa na raba na sketi. Akasema kwa upole, "Mama, siafu hawana heshima," akanipa muda nivae suruali niliyokuwa nayo kwenye mkoba na kuiingiza ndani ya soksi. Niliona anazidisha. Kwa saa moja njiani niliona anazidisha.

Kisha tukasikia kelele, si ya ndege mmoja bali ya wengi wanaogombana chini kwenye giza la vichaka. Mwongozaji akatusimamisha. Siafu walikuwa wanapita, si ule mstari mwembamba wa barabarani bali jeshi lililotanda upana wa chumba, likifunika majani makavu, na mbele yake kila kitu kinakimbia: panzi, nyenje, buibui, mende wa msituni, hata kijichura. Ndege wamejipanga pembeni. Akatuonyesha alethi, wa kahawia mgongoni na koo jeupe, ndege ambaye kwa kawaida hutamuona ng'o kwa jinsi anavyojificha. Hapa alishuka, akanyakua, akapanda, akashuka tena, hana habari nasi. Hali siafu wenyewe sana, mwongozaji akatueleza, anawala wakimbizi. Wapo ndege hapa msituni ambao hukagua mahali siafu walipolala, kujua leo wataelekea wapi.

Tulisimama pale karibu saa nzima. Niliumwa mara nne, hata na soksi, na sikusogea. Ndege saba niliowaandika asubuhi ile walikuwa wapya kwangu, na wote walikuwa ndani ya eneo la chumba cha kulala. Ningeweza kuzunguka msitu mzima siku tatu nikitazama matawi na nisiwapate.

Kabla ya adhuhuri hondohondo wakapita juu. Huwasikii wakiita kwanza, unasikia mabawa, pumzi nzito ya kitu kikubwa. Walitua kwenye mkuyu uliojaa matunda, na karibu nao shorobo mkubwa wa buluu, ndege wa urefu wa sentimita 70 hivi anayekimbia juu ya matawi kama mtoto kwenye ngazi. Nikaona nimepata mahali pa kumshinda mpwa wangu. Hawa wanakula matunda, nikamwambia, andika hakuna.

Mwongozaji akaokota tini moja lililoanguka, akalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na vitu vidogo kama vumbi la ufuta. "Nyigu," akasema. Maua ya mkuyu yako ndani ya tunda, hayaonekani nje. Nyigu jike, mdogo kuliko kichwa cha pini, hujipenyeza kupitia tundu dogo, mara nyingi mabawa yakikatika mlangoni, akabeba chavua, akataga, akafa humo. Bila yeye mkuyu hauzai mbegu, na mkuyu unamhitaji huyo wake mahususi, si nyigu yeyote. Hondohondo hamli nyigu, lakini bila nyigu huyo mkuyu huu usingekuwa na mtoto hata mmoja. Mtoto akafuta neno alilokuwa ameandika, akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

Ningeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu vipepeo, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipotekwa. Kwenye matope ya njia, jua lilipotoka baada ya mvua, walikuwa wamekaa mamia, wengi wao madume, wakifyonza chumvi kwenye udongo. Wale wakubwa wenye kuruka kwa kasi hawajali maua. Wanataka tunda lililooza na mkojo wa mnyama. Na yupo mmoja ambaye dume lake ni la manjano hafifu lenye mikia, lakini majike yake hayafanani naye wala hayafanani yenyewe kwa yenyewe. Wengi wamejivika rangi za vipepeo wengine walio na sumu, ili ndege wasiwaguse. Nilikaa juu ya gogo nikifikiria hilo. Rangi ya kipepeo imechorwa na jicho la ndege. Basi hata pale nilipodhani natazama wadudu tu, ndege alikuwepo.

Kuna kazi moja niliyoianza mwezi huo na ambayo nampendekezea yeyote. Ni Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya. Nchi imegawanywa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Unachagua mraba, unatafuta ndege kwa angalau saa mbili, unaandika kila aina kwa mpangilio uliyoiona, na unaweza kuendelea kuongeza hadi siku tano. Mraba wa kwa mama si wa watalii: mashamba ya mahindi, michai kidogo, kijito. Nilipata aina 61 kwa siku tano. Dudumizi peke yake, yule anayebubujika kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, alinichukua siku mbili kumuona, ingawa mama husikiliza mlio wake kila siku kujua kama mvua inakuja au aanike mahindi.

Jioni tulitundika shuka jeupe ukutani na taa ya sola mbele yake. Nondo walikuja wa kila namna, mmoja mpana kama kiganja changu, wa kijani, mkia mrefu. Onyo moja la kweli kwa atakayejaribu: yule mbawakavu mwembamba mwekundu na mweusi, tunayemwita nairobi flai, usimpige akitua shingoni. Haumi. Sumu yake iko mwilini, na ukimponda ndipo ngozi inapochomeka na kutoa malengelenge. Mpulize aondoke. Mtoto alijua hili kuliko mimi. Alikuwa amesoma bango shuleni kwao.

Siku ya mwisho mvua kubwa ilinyesha mchana, ikakatika ghafla kama saa kumi. Mama akatoka nje akanusa hewa. Akachukua sufuria, akachukua vijiti viwili, akaenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya zizi na kuanza kupiga ubao taratibu, mdundo wa matone. Kumbikumbi husikia mdundo huo kama mvua. Kwetu tunawaita tsiswa, na Wajaluo ng'wen, na hakuna mtoto wa magharibi aliyekua bila kuwatafuna wakiwa bado na joto la kikaango.

Walianza kutoka wachache, kisha kama moshi. Na anga ikajaa. Mbayuwayu wetu wa hapa walikata huku na huku, keremkerem wakajipanga kwenye waya wa ua, kwera wakashuka kwenye nyasi kwa makumi. Mwewe wawili waliwakamata hewani kwa kucha na kuwala wakiruka. Hondohondo mmoja alitoka msituni, mla matini yule, akatembea juu ya nyasi za mama akiokota kumbikumbi mmoja mmoja kwa ncha ya mdomo wake mkubwa ule. Yangeyange waliacha ng'ombe. Niliandika mpaka penseli ikavunjika.

Mpwa wangu alikuwa ameketi juu ya jiwe na daftari lake. Tangu Nakuru alikuwa ameligawa safu mbili, kushoto mdudu, kulia anayemla. Usiku, alipolala, nililifungua. Ukurasa wa mwisho kushoto kulikuwa na neno moja tu, kumbikumbi. Kulia, kwa mwandiko uliolala, aliandika mbayuwayu, keremkerem, kwera, mwewe, yangeyange, hondohondo, kuku, na chini kabisa: Kukhu.